Kiu Iko Juu Yangu

Saa kumi na moja, Mawaleh, lami bado inachemka.
Magari yanapiga honi mbele ya kibanda,
Shaji anakimbia na trei: karaki mbili, karaki tano,
moja bila sukari ya mzee wa Prado.

Yeye hapigi honi.
Anaegesha, anashuka, anafuta miwani iliyofunga ukungu.
Muuguzi wa kliniki ya meno, ghorofa ya juu,
beji yake imeandikwa Sadhbh.
Mimi niliyefunzwa kwamba kila herufi ina haki ya kusomwa
nikahangaika: Sa-dha-bha?
"Saivu," akasema. Herufi nyingine zimekaa tu,
kama wageni wa harusi wasiomjua bibi harusi.

Nyanya yake aliisema Kiayalandi mpaka kaburini.
Mama yake aliiacha njiani.
Yeye anaifukua huku Omani, kwenye simu, dakika kumi kwa siku.
"Nikikuagiza kwa lugha hiyo," akaniomba, "nivumilie."

Siku ya kwanza: *Is mise tae.*
Akajishika mdomo. "Nimekwambia mimi ni chai."
Nikamtazama: mwekundu, anafuka mvuke.
Sikubisha.

Siku ya pili, hata sijamimina: "Shukra."
"Afwan," nikajibu, nikamsogezea kikombe.
"Shukra," akarudia.
"Afwan, afwan."
Kumbe mwenzangu anataka sukari.
*Siúcra*, akaandika. *Sukkar*, akaandika Shaji.
Sukari, nikaandika mimi,
tukayatazama ndugu watatu waliokutana ugenini
wakatambuana kwa pua.

Nikaanza kuweka risiti zilizoharibika,
nyuma yake naandika kwa tahajia yetu:
ishke, maji. Banye, maziwa.
Le do hol, ukitaka kitu bila kuonekana huna adabu.
Hilo la kushukuru ni refu, limenishinda,
ila maana yake naipenda: wema na uwe kwako.

Kiu ndiyo iliyotuchelewesha.
*Tá tart orm.* Si kwamba ninayo,
iko juu yangu,
kama deni, kama mkono wa mtu begani.
Na kikombe, kwao, hakiwi mali yako: kiko kwako.
Nikamwambia, nasi ni hivyo hivyo,
twasema niko nacho,
kama mtu aliyefuatana na rafiki, wataagana mbele.

Pembeni ya friji, Raihana wangu, miaka tisa,
anafanya hesabu za shule.
"Baba, *mayy*."
Mara ishirini kwa siku nampa, sijamuuliza neno.
Bibi yake, Bi Thuwaiba, humsemesha Kiswahili cha Mkunazini,
naye humjibu Kiarabu, wote wawili wanacheka,
nami nilidhani hayo ndiyo mazungumzo.

Saivu akamwinamia: "Kwenu, maji yanaitwaje?"
Mtoto akanitazama
kama aliyeulizwa jina la jirani anayemwona kila siku.
"Nalijua," akasema kwa Kiarabu. "Limenitoka."

Mkono wangu ukabaki kwenye mlango wa friji,
baridi ikimwagika miguuni.
Saivu akayashusha macho kwenye daftari lake.
Hakusema pole. Alilipa baisa mia, akapanda ngazi.

Sasa ni Agosti, amekwenda kwao mapumzikoni.
Risiti zimebaki, nimezibandika juu ya mtungi wa barafu.
Mkaguzi wa manispaa alizisoma, akauliza kama ni bei.

Leo Raihana kasimama kaunta, mikono mezani, mteja kamili:
"Ishke, le do hol."
Nikacheka hadi birika likafurika.
Nikaichukua chupa. Sikuitoa.
"Na kwa bibi yako?"

Akafumba macho, akaanza kutafuta.
Nje gari likapiga honi. Likapiga tena.
"Bosi," akaita Shaji, "karaki tano!"

Wangoje, nikasema.